Boardwalk Bowl ya Atlantic City: ilikuwa fainali ya nini hasa?

Jedwali_la_Zamani ameuliza:

Wakuu, salaam. Naandaa jedwali la Kiswahili la mechi za bowl zilizokufa, upande wa vyuo vidogo vya Marekani. Kwa asiyezijua, bowl ni mechi ya mwaliko inayopigwa msimu wa kawaida wa futiboli ya Kimarekani ukishafungwa, mara nyingi Desemba, na mji unaoiandaa huipa jina la kujinadi. Nimefika kwenye Boardwalk Bowl ya Atlantic City, New Jersey, nimekwama.

Orodha nyingine zinaanza 1961, nyingine 1968. Ipi niifuate?

Delaware walishinda mara nne mfululizo, 1968 hadi 1971, lakini hawahesabiwi mabingwa wa taifa mara nne. Kinyume chake, mwaka 1972 hawakucheza Boardwalk kabisa na wanaandikwa mabingwa! Hapo sielewi.

Mechi ya 1973 wapo wanaoiita robo fainali. Robo fainali ya mashindano gani, wakati miaka ya nyuma haikuwa na hatua inayofuata?

Mwisho, nasoma kwamba ilichezwa ndani ya ukumbi, juu ya nyasi halisi zilizotandikwa kwenye zege, na uwanja ukapunguzwa urefu. Ni kweli au ni chumvi?

Mwenye uelewa afunguke. Nataka takwimu zinazosimama.

---

YadiMia amejibu:

Mkuu, orodha zote mbili ziko sahihi. Tatizo ni kwamba hizo ni mechi mbili tofauti zilizotumia jina moja.

Ya kuanzia 1961 ilikuwa ya vyuo viwili vya kijeshi: Pennsylvania Military College ya mji wa Chester (leo ni Widener University) na chuo cha mabaharia wa meli za biashara, U.S. Merchant Marine Academy, kilichoko Kings Point, New York. Watu waliiita kwa utani toleo dogo la mechi ya Jeshi la Nchi Kavu dhidi ya Jeshi la Majini. Haikuwa na ubingwa wowote nyuma yake, ila upinzani wa jadi uliopelekwa kwenye mji wa starehe.

Ya 1968 ni kitu kingine. Enzi hizo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilikuwa na madaraja mawili tu, la vyuo vikubwa na la vyuo vidogo. Mwaka 1964 waliligawa lile la wadogo katika kanda nne, na kila kanda fainali yake ikabebeshwa bowl:

Mashariki: Tangerine Bowl, Orlando
Kati-Mashariki: Grantland Rice Bowl, Murfreesboro (Tennessee), baadaye Baton Rouge
Kati-Magharibi: Pecan Bowl, Abilene na kisha Arlington (Texas), halafu Pioneer Bowl ya Wichita Falls kuanzia 1971
Magharibi: Camellia Bowl, Sacramento

Tangerine ilishikilia Mashariki kwa misimu minne. Mwaka 1968 ikahamia kwa wakubwa. Richmond waliwafunga Ohio 49–42 mwaka huo. Kanda ya Mashariki ikabaki haina pa kuchezea, ndipo Atlantic City ikaichukua na kuipa jina ambalo mji ulikuwa tayari unalitumia. Boardwalk, kwa taarifa tu, ni ile njia pana ya mbao inayopita mbele ya bahari pale mjini. Ukumbi wenyewe unaitazama.

Matokeo ya kuweka kwenye jedwali:

1968: Delaware 31, Indiana ya Pennsylvania 24
1969: Delaware 31, North Carolina Central 13
1970: Delaware 38, Morgan State 23
1971: Delaware 72, C.W. Post 22
1972: Massachusetts 35, UC Davis 14
1973: Grambling 17, Delaware 8

Ushauri wangu: zile za 1961 na kuendelea zipe jedwali lake. Ukizichanganya, msomaji atadhani Pennsylvania Military waliwahi kuwa mabingwa wa kanda kwa njia ya bowl hii.

---

Kura_Yangu amejibu:

Naongezea kwenye suala la Delaware, maana hapo ndipo wengi hujikwaa.

Fainali za kanda zilikuwa zinaishia hapohapo. Mshindi wa Mashariki hakukutana na mshindi wa Magharibi, si wiki iliyofuata wala siku nyingine yoyote. Ni sawa na UMISSETA (michezo ya shule za sekondari Tanzania) iishie mkoani, halafu watu wapige kura kuamua nani bingwa wa taifa. Waliopiga kura walikuwa wa mashirika mawili ya habari: AP kwa waandishi na UPI kwa makocha. Kwa hiyo "bingwa wa kanda" ni jambo la uwanjani na "bingwa wa taifa" ni jambo la karatasi, na hayo mawili hayakulazimika kukubaliana.

Sasa pitia miaka:

1968: AP waliwapa North Dakota State, UPI waliwapa San Diego State.
1969: North Dakota State kote kuwili.
1970: Arkansas State kote kuwili.
1971: Delaware kote kuwili.
1972: Delaware kote kuwili.

Hao waliowazidi Delaware kwenye kura hawakuokotwa. North Dakota State walichukua Pecan Bowl ya 1968 kwa kuwafunga Arkansas State 23–14, mwaka uliofuata wakachukua Camellia kwa 30–3 dhidi ya Montana. Arkansas State nao wakachukua Pecan ya 1970, 38–21 mbele ya Central Missouri State. Yaani 1968 hadi 1970, kila Delaware walipokuwa wakishangilia Mashariki, kulikuwa na mwingine anashangilia kanda yake, na wapiga kura wakamtazama huyo.

Mwaka 1972 Delaware walimaliza msimu 10–0 na hawakwenda Atlantic City. Nafasi ya Mashariki ikachezwa na Massachusetts, wakashinda, na kura bado zikabaki Delaware. Ndiyo maana safu ya "bingwa" kwenye jedwali lako isiwe moja. Weka mbili: "mshindi wa bowl" na "bingwa kwa kura (AP/UPI)". Ukiweka moja, mwaka 1972 utakulazimisha umdhulumu mmoja wao.

Tahadhari nyingine ndogo: kuanzia 1969 hadi 1972 NCAA iliweka pia Knute Rockne Bowl na Amos Alonzo Stagg Bowl kwa vyuo vidogo zaidi ndani ya daraja lilelile. Nazo zilikuwa za kanda. Usizijumlishe na zile nne alizotaja YadiMia.

---

FundiKiwanja amejibu:

Kuhusu nyasi: ni kweli, lakini mechi siyo hiyo.

Habari ya nyasi kwenye zege ni ya Liberty Bowl, 19 Desemba 1964, ambayo ni bowl ya vyuo vikubwa. Utah 32, West Virginia 6, ukumbi uleule. Liberty ilikuwa Philadelphia kuanzia 1959, kwenye uwanja mkubwa wa wazi, na baridi ya Desemba ikafukuza watu. Mwaka 1963 walikuja 8,309 tu. Mwandaaji wake, Bud Dudley, akaihamishia ndani Atlantic City kwa mwaka mmoja, kisha 1965 akaipeleka Memphis.

Tabaka za kile kiwanja, kuanzia chini:

Sakafu ya zege ya ukumbi.
Juu yake nguo ya gunia, unene wa inchi 2 (kama sentimita 5).
Juu ya gunia, nyasi zilizokatwa pamoja na udongo wake, inchi 4 (kama sentimita 10).
Taa za umeme zilizowashwa saa 24 ili nyasi zisife.

Gharama ya kazi nzima ilikuwa takribani dola 16,000.

Gunia lilikuwa na kazi ya maana. Zege halinywi maji na halibonyei. Mchezaji akidondoka juu ya udongo wa sentimita 10 uliolala moja kwa moja kwenye zege, bega linafika chini. Gunia hapo ni godoro, na pia hushika unyevu ambao ungetuama kwenye sakafu na kuozesha mizizi. Udhaifu wa nyasi za namna hii, ziwe za wapi, ni kwenye maungio. Vipande vinahitaji muda ili mizizi ishikane, na ukiwaharakisha watu wa kilo mia wenye njumu, kipande kinateleza chote kama mkeka. Taa nazo hazichukui nafasi ya jua. Zinazuia nyasi zisinyauke hadi siku ya mechi, basi.

Kuhusu urefu: uwanja kamili una yadi 100 za kuchezea, na kila upande eneo la kufungia la yadi 10, jumla yadi 120, karibu mita 110. Mwaka 1964 maeneo ya kufungia yalikuwa yadi 8 kila moja, hivyo jumla ikawa 116, kama mita 106. Yadi 100 za katikati hazikuguswa. Kwa hiyo ukisema "uwanja ulipunguzwa" fafanua ni wapi, la sivyo mtu atadhani hata takwimu za kukimbia na mpira hazilingani na za kwingine.

Na nasisitiza: inchi hizo na yadi 8 ni za Liberty ya 1964. Usizihamishie Boardwalk ya 1968–73 eti kwa sababu paa ni lile lile.

---

Jedwali_la_Zamani amejibu:

Nashukuru sana wakuu. FundiKiwanja, umeniokoa, nilikuwa tayari nimeandika inchi 4 kwenye safu ya Boardwalk.

Maswali mawili ya ziada. Zile yadi 2 zilizokatwa zinaathiri goli la teke, yaani mpira unaopigwa upite kati ya miti ya goli? Na mpira unaopigwa juu haugongi dari?

---

FundiKiwanja amejibu:

Zinaathiri, na ni hesabu nyepesi. Kanuni za vyuo tangu 1927 ziliweka miti ya goli kwenye mstari wa nyuma kabisa wa eneo la kufungia, si kwenye mstari wa goli. Urefu wa teke unapatikana kwa kujumlisha mahali mpira ulipoanzia, kina cha eneo la kufungia, na kama yadi 7 za mshikaji anayesimamisha mpira nyuma. Mpira ukianzia yadi ya 20, uwanja wa kawaida unakupa 20 + 10 + 7, yaani 37. Eneo la kufungia likiwa yadi 8 na miti ikiwa kwenye mstari wa nyuma, ni 20 + 8 + 7, yaani 35. Mtunza takwimu aliyezoea kuongeza 17 bila kufikiri ataandika yadi 2 za bure.

Dari siyo shida. Ukumbi ulifunguliwa 1929, paa lake ni tao moja kubwa lisilo na nguzo katikati, na kileleni ni futi 137, kama mita 42. Teke la juu linalokaa hewani sekunde 5, ukiacha upinzani wa hewa, hufika mita 31 hivi. La sekunde 4 halifiki mita 20. Pa kuangalia ni pembeni, kwa sababu tao hushuka kadiri unavyosogea ukutani. Ndani humo pia kuna kinanda cha mabomba, zaidi ya mabomba 33,000. Hicho hakihusiani na futiboli ila ningekuwa mpigaji ningekiogopa kuliko dari.

---

Mhasibu_wa_Bowl amejibu:

Mngeangalia na upande wa fedha, maana ndio unaoeleza kwa nini ukumbi ule haukudumu na mechi kubwa.

Liberty ya 1964 iliuza tiketi kwa watu 6,059. Mapato ya mlangoni yalikuwa kama dola 60,000, wafanyabiashara wa mji walitoa 25,000, na televisheni ya ABC ililipa 95,000. Jumla 180,000, na faida iliyobaki ilikuwa kama 10,000. Tazama uwiano: televisheni pekee ni zaidi ya nusu. Mechi ya vyuo vikubwa yenye runinga ya taifa nyuma yake iliokota elfu kumi. Vyuo vidogo visivyo na kamera za namna ile vingetegemea mlango na mji.

Kwa mji wa starehe za kiangazi, Desemba ni mwezi mfu. Hoteli ziko wazi na hazina wageni. Bowl ilikuwa njia ya kuleta mabasi machache ya mashabiki. Delaware walifaa hapo kuliko wote, kwa kuwa kwao siyo mbali. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa mji uliwapenda. Ukileta UC Davis kutoka California, mashabiki wao hawapandi basi.

---

YadiMia amejibu:

Hapo kwa UC Davis pana jambo zuri la kuweka kwenye maelezo ya chini ya jedwali. Kanda zilikuwa na majina ya dira, lakini mipaka yake ilikuwa ya mpira. Mwaka 1972 timu ya California ilicheza fainali ya "Mashariki" huko New Jersey, wakati Camellia kule California kwenyewe walicheza North Dakota na Cal Poly (38–21). Louisiana Tech walicheza Pioneer mwaka 1971 (14–3 dhidi ya Eastern Michigan), mwaka uliofuata wakacheza Grantland Rice (35–0 dhidi ya Tennessee Tech). Tennessee State walifanya kinyume chao: Grantland Rice 1971, 26–23 juu ya McNeese State, kisha Pioneer 1972, 29–7 juu ya Drake. Vyuo havikuhama, kanda ndizo zilizohamishwa.

Na sasa 1973. Mwaka huo NCAA ilivunja mfumo wa madaraja mawili na kuweka Divisheni ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu. Divisheni ya Pili ikapata mtoano wa timu nane, ubingwa ukaamuliwa uwanjani. Boardwalk ikaingizwa kama mojawapo ya robo fainali nne:

Grambling 17, Delaware 8 (Boardwalk Bowl)
Louisiana Tech 18, Western Illinois 13
Boise State 53, South Dakota 10
Western Kentucky 25, Lehigh 16

Nusu fainali: Louisiana Tech 38, Boise State 34 (Pioneer Bowl), Western Kentucky 28, Grambling 20 (Grantland Rice Bowl). Fainali: Louisiana Tech 34, Western Kentucky 0 (Camellia Bowl).

Angalia nani alipewa nini. Camellia ilipata fainali, Pioneer na Grantland Rice zikapata nusu fainali, Boardwalk ikaangukia robo. Mji uliokuwa ukiandaa mechi ya mwisho wa safari ukajikuta unaandaa kituo cha njiani, ambapo mshindi anaondoka usiku uleule akifikiria mechi inayofuata. Haikuchezwa tena baada ya hapo.

---

Kura_Yangu amejibu:

Naafiki. Ila kwenye jedwali, mechi ya 1973 usiipe alama ya "fainali ya kanda". Iandikie "robo fainali, Divisheni ya Pili". Sita kwa jumla, tano za kanda na moja ya mtoano.

Ukitaka jumla ya Delaware: mechi 5, kushinda 4, kufungwa 1, alama 180 kwa 99. Kati ya hizo 180, 72 ni za siku moja, ile ya C.W. Post. Kocha alikuwa Tubby Raymond, na mfumo wao ni Wing-T aliourithi kwa Dave Nelson. Kwa ufupi, beki mmoja (kwenye futiboli hii beki huyu ni wa timu inayoshambulia) anasimama nje kidogo ya mstari wa mbele, gadi, yaani wazuiaji wa mstari huo, wanachomoka kwenye nafasi zao na kukimbilia upande mmoja, mlinzi anawafuata kama kawaida yake, kumbe mpira umebaki upande wa pili. Mlinzi akikosea hatua mbili tu, amechelewa. Mfumo huu unahitaji mguu usioteleza, na ndani ya ukumbi hakuna tope wala upepo. Sisemi ndiyo sababu ya 72, nasema haikuwaumiza.

---

Mhasibu_wa_Bowl amejibu:

Kabla hujafunga jedwali, kagua majina. Haya ndiyo niliyoona yakikosewa mara nyingi:

Indiana wa 1968 ni chuo kilichoko mji wa Indiana, jimbo la Pennsylvania. Siyo Indiana University ya jimbo la Indiana, ambayo ni ya wakubwa. Programu za kuweka viungo vya mtandaoni hukosea hapa kila mara.

Delaware wako Newark, jimbo la Delaware. Kwa kuwa mechi ilikuwa New Jersey, watu huandika Newark ya New Jersey, ambao ni mji mwingine kabisa.

C.W. Post ni kampasi ya Long Island University, usiiandike kama jina la mtu mmoja aliyefungwa 72.

North Carolina Central walipata jina hilo 1969, mwaka uleule wa mechi, kwa hiyo rekodi za nyuma kidogo zina jina la zamani. Morgan State na Grambling pia vilikuwa bado vinaitwa "College" wakati wa mechi zao. Tumia jina la siku ya mechi, kiungo kiende kwenye jina la leo.

Na weka safu ya kuonyesha vyuo vya kihistoria vya watu Weusi. Vitatu vilicheza hapa ndani ya mechi sita: North Carolina Central 1969, Morgan State 1970, Grambling 1973. Aliyeshinda ni mmoja, Grambling wa kocha Eddie Robinson, yule aliyestaafu 1997 akiwa na ushindi 408.

---

Jedwali_la_Zamani amejibu:

Nimeshagawa majedwali mawili, 1961 na 1968. Safu nilizoweka: msimu, mshindi, alama, aliyefungwa, hadhi ya mechi, bingwa kwa kura. Mwaka wa msimu na mwaka wa kalenda nimeviacha safu moja, sababu zote zilichezwa kabla ya Mwaka Mpya. Au nitajuta?

---

YadiMia amejibu:

Kwa Boardwalk hutajuta. Ukifika Tangerine, tenganisha mapema. Ile ilianza 1 Januari 1947 (Catawba 31, Maryville 6), na mwaka 1958 ina mechi mbili, moja Januari na nyingine Desemba, zote East Texas State wameshinda. Safu moja hapo itakufutia mechi moja bila kukuambia.